Mlango wa Mkulo

Dada Ndeanasia,
ule mlango ulionishushia Jumanne hapa Kiborloni
ukasema, "Kata, nitolee stuli sita na kibao cha nyama,"
bado mzima. Umeegemea ukuta
na wapita njia wanauliza bei.

Nilianza kwa kukwangua rangi.
Kijani, chini yake maziwa, chini yake buluu ile ya zahanati,
kisha kijani tena: mtu alirudi alikotoka.
Halafu randa ikagusa mti
na karakana nzima ikanuka kama mkoba wa mkunga.
Eliwasa, kijana wangu, akapiga chafya tatu,
akauliza nani kamwaga dawa.

Hajamwaga mtu. Huu ni mkulo,
kule juu mlimani wanauita mseri,
na harufu ndiyo damu yake.
Mchwa huifikia, hutafakari,
huenda kula kwa jirani.

Nyuzi zake hazikubali upande mmoja.
Unasukuma randa, mstari huu unalainika,
wa pili unasimamisha nywele kama paka.
Basi unanoa upya, unapunguza ulimi wa randa,
unaingia kimshazari, kwa adabu.
Ndipo inatokea ile michirizi, wa kung'aa na wa kufifia;
ukisogea hatua moja inabadilishana zamu.

Si mgumu wa kujigamba kama mpingo.
Msumari unaingia bila kupinda, ukishaingia haudai kutoka.
Ila usiuharakishe kukauka:
ubao mnene ukianikwa kwa pupa
hujikunja, na hausameheki tena.
Huu wako ulisubiriwa. Nimeupima pembe zote nne;
hata unywele wa mwanga haukupita.

Leo huupati. Madukani ni paina, saipresi,
mgrivea uliokatwa mibunini kabla haujajua kusimama.
Ukikutwa na gogo la mkulo
jiandae kueleza vizuri.
Nasikia kisiki chake hakifi upesi,
mizizi hutoa machipukizi,
kinazeeka kimezungukwa na watoto.

Sasa sababu ya kuweka msumeno chini.

Mkulo huingia giza.
Ukipasuliwa ni njano hafifu, kama mtori uliopoa;
mwanga unaula polepole hadi rangi ya asali ya mwaka juzi.
Nilipofungua kitasa nilitegemea njano chini ya bati.
Nikakuta giza.
Mlango uliishi miaka bila kitasa kile.

Njano iko chini.
Juu kidogo ya goti langu, upana wa kiganja,
mahali komeo la kwanza lilipokaa.
Matundu manne yamezibwa kwa vijiti vya mkulo uleule,
nyuzi zimelazwa zifuate nyuzi,
rangi zote zile zikapita bila kujua.
Fundi hazibi hivyo kwa kazi ya kulipwa.
Najua, mimi ni fundi.

Uliniambia, ukihesabu noti,
mzee wako hakuwahi kuinuka kukufungulia,
ulijifungulia mwenyewe tangu hujaota meno ya pili.
Sina la kusema juu ya mzee.
Nasema juu ya komeo.
Lilipigwa pale siku mlango ulipotundikwa.
Mtu mzima akitaka kutoka
alilazimika kuinama. Asubuhi, na kurudi jioni,
na usiku akienda kutazama ng'ombe.
Sijui nani alikuwa mfupi nyumbani kwenu.

Stuli sita zinatoka, nimepima.
Doa litaangukia ya nne, upande wa chini,
pasipoonekana.
Kibao cha nyama usitake cha mkulo,
utakula mishikaki yenye ladha ya hospitali.
Maranda Eliwasa kayabeba,
ya sanduku la nguo za mama yake; usimdai.

Msumeno umenolewa.
Nipo hadi Jumamosi.
Njoo kwanza uinamie hapa,
halafu uniambie nianzie wapi kukata.